Mwalimu Aliyeshika Upande wa Pili wa Shuka

Kazi yangu ni kunyoosha mashuka ya hospitali. Chumba cha dobi kiko nyuma ya jiko. Wakubwa hawafiki huko, kwa sababu kuna joto na harufu ya sabuni kali. Mashuka yanakuja yamefuliwa, bado yana unyevu. Tunayapitisha kwenye mashine ya pasi, tunayakunja, tunayafunga mafurushi, tunayapeleka wodini. Kazini wananiita Pasi. Hata msimamizi wetu, ambaye ana jina langu kamili kwenye karatasi zake, ananiita Pasi.

Jioni narudi nyumbani. Tuko wawili, mimi na binti yangu. Tulikuwa watatu. Mama yake alifariki kipindi cha mvua zilizopita, katika hospitali hiyohiyo ninayofanyia kazi. Wodi yenyewe inaitwa Wanawake B.

Tangu hapo nyumba yetu ilikosa maneno. Binti yangu anamaliza shule ya msingi. Anatoka shule, ananiamkia, anafua sare, anapika, ananitengea maji ya kuoga. Mimi naitikia marahaba. Basi. Tulikuwa tunakula tukitazama sahani. Akimaliza anaingia chumbani kwake na kufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

Dada yangu alikuja kututembelea, akakaa siku kadhaa, akaona hali. Siku ya kuondoka aliniita uani. Dada yangu si mtu wa kuzunguka.

"Kaka," alisema, "hii si nyumba. Hii ni mochwari yenye jiko. Mtoto anakauka huku unamwona. Nakupa mpaka shule zifungwe. Nikirudi nikakuta bado mko hivi, au nikakuta kazi imekushinda, namchukua akakae kwangu. Na usinibishie."

Sikumbishia. Ningembishia nini? Alisema kweli, na kweli yake ilinikata maini. Mke nilishamkosa. Sasa na mtoto aende. Nikawa nasimama kwenye mashine, shuka linapita mbele yangu, na mimi naona kitanda cha binti yangu kikiwa kitupu.

Na kazi nayo ilikuwa imeanza kuyumba. Zamani mafurushi yetu tuliyatambua kwa uzi. Uzi mwekundu, chumba cha upasuaji. Uzi wa bluu, watoto. Uzi wa kijani, Wanawake B. Wengi wetu hatukukaa sana shuleni, na uzi ulitutosha. Sijawahi kusikia furushi limepotea. Siku moja akaja mkubwa mmoja kutoka ofisini, suti yake imenyooka kuliko shuka lolote nililowahi kunyoosha. Akasema nyuzi ni mambo ya kizamani. Kila furushi litafungwa kadi yenye jina la wodi. Na kabla shule hazijafungwa, kila mfanyakazi wa dobi atasoma kadi zote kwa sauti mbele ya msimamizi. Atakayeshindwa atafute pa kwenda. Hakutuuliza neno. Alipanda gari lake, akaenda zake, sisi tukabaki na kadi.

Ndipo tukaletewa kisomo cha watu wazima. Darasa letu lilikuwa bwalo la chakula la wafanyakazi, baada ya zamu ya mchana. Tulikuwepo watu wa dobi, wafagiaji, walinzi, na fundi viatu wa pale getini. Huyo tulimwita Redio, kwa sababu hazimiki. Yeye hakulazimishwa na mtu. Alisema amechoka kuwauliza wateja bei iliyoandikwa kwenye soli.

Mwalimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye viatu vya raba na sauti iliyokwaruzika kwa chaki. Mwanzoni sikumpenda. Nilimwona ni mtu wao, ametumwa. Lakini darasani hakutuita watoto, wala hakumcheka mtu. Aliziomba zile kadi zetu za dobi, akazifanya ndiyo somo. Alisema hana haja ya kutufundisha neno "tembo" wakati hakuna tembo anayeletwa dobi.

Nilishika haraka. Baada ya wiki chache nilikuwa nasoma Maabara, Watoto, Upasuaji, Wanaume A. Wenzangu wakaanza kuniuliza mimi. Kisha Mwalimu akainua kadi ya Wanawake B.

Herufi zote za kadi ile nilizijua. Nusu yake nilikuwa nimeisoma sasa hivi kwenye Wanaume. Lakini mdomo ulikauka. Herufi zikaanza kutawanyika kama siafu waliokanyagwa. Nikabaki nimesimama pale.

"Pasi," akasema Redio, "wanaume umewasoma bila shida. Wanawake ndio wanakutia woga?"

Bwalo zima likacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha midomo tu. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na siku iliyofuata. Kadi zingine zote, sawa. Ikija ile, nakuwa bubu.

Mwalimu mwingine angesema huyu hajui. Nawafahamu walimu wa namna hiyo. Walionifundisha utotoni walinichapa mpaka nikaona ni afadhali kuchunga. Huyu alinitazama kidogo tu, akailaza kadi mezani, akamuuliza mwingine kadi nyingine. Darasa lilipokwisha aliniambia, "Baba, nisaidie kubeba ubao."

Ubao wetu haukuwa na makazi. Wapishi hawakuutaka bwaloni kwa kuwa uliziba dirisha la kugawia chakula. Kila siku ilibidi upelekwe stoo, ng'ambo ya boila, mtambo wa kuchemshia maji, kupitia ukumbi mrefu. Ulikuwa ubao mrefu, unabebwa kwa ubavu, mmoja mbele na mmoja nyuma. Mnakwenda pamoja, lakini hakuna anayeuona uso wa mwenzake. Nilikuja kugundua baadaye kwamba Mwalimu hakuwa anachagua mbebaji ovyo. Kila siku alimwomba mtu tofauti, na alitembea polepole kuliko mzigo ulivyotaka. Kuna walinzi wenye vifua kama milango waliorudi kutoka stoo macho mekundu, wakasingizia vumbi la chaki.

Siku ile yeye alikuwa mbele. Akasema bila kugeuka, "Herufi unazijua, Baba. Kwa hiyo kilichokukwama si herufi."

Nikaushika ubao vizuri zaidi.

"Sikuulizi," akaendelea. "Ila ubao huu unabebwa kila siku."

Zikapita siku. Jioni moja niliushika ubao bila kuombwa. Tulipofika karibu na boila, ambapo kuna kelele, nikasema kwamba mke wangu alifia wodi ile. Nilitegemea anipe yale maneno ambayo kila mtu alinipa, kwamba ni mipango ya Mungu, kwamba nijikaze, mimi ni mwanamume. Hakuyasema. Alisimama, tukauteremsha ubao chini, akaniuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Waliuliza aliumwa nini. Waliuliza mazishi lini. Nikamwambia alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta. Alikuwa anaimba nyimbo huku akikosea maneno, na ukimsahihisha anakwambia ya kwake ni matamu zaidi. Nikaona nimeongea mengi, nikaona aibu.

Nikamweleza pia habari ya uzi. Zamani furushi la wodi ile lilipita mikononi mwangu kila siku, na nilifanya kazi. Uzi wa kijani ni uzi tu, hausemi kitu. Kadi inasema. Walionipa kusoma ndio walionipa na kisu cha kunichoma.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Watu wengi wazima hukwama hivyo. Mtoto huja darasani na daftari. Mtu mzima huja na nyumba yake yote, na waliomo, na waliotoka. Wewe huna akili nzito, Baba. Una msiba."

Neno hilo lilinipunguzia mzigo kidogo. Kidogo tu. Kulikuwa na jambo lingine, ambalo ndilo hasa, na hilo sikumwambia. Nilisema moyoni, siku nyingine, tukibeba tena.

Siku nyingine haikuja. Alikuja afisa. Alitoka kwenye ofisi inayosimamia visomo, akakaa nyuma kwenye kiti cha mpishi, akatutazama kama mtu anayekagua mbuzi. Darasa lilipokwisha akamwona Mwalimu na mfagiaji mmoja wamesimama ukumbini, ubao uko chini, wanazungumza. Akauliza haya mazungumzo yako kwenye mpango gani. Mwalimu akamjibu kwamba kumsikiliza mwanafunzi mzima ni sehemu ya kumfundisha. Afisa akasema ni sawa, ushauri ni jambo zuri, lakini lazima uwe na utaratibu.

Utaratibu ukaletwa. Akaja seremala na misumari, ubao ukapigiliwa ukutani bwaloni. Wapishi walilalamika, nani aliwasikiliza. Kisha kikafunguliwa chumba kwenye ukumbi wa wagonjwa wa nje, pale wanapopita watu wote. Mlangoni wakabandika bango kubwa: CHUMBA CHA USHAURI KWA WANAKISOMO. Mbele ya mlango wakaweka benchi la kusubiria.

Niseme ukweli, lile bango ndilo andiko refu la kwanza ambalo darasa letu lote tulilisoma wenyewe, bila kusaidiwa. Tulilisoma vizuri sana. Tukalisoma, na kila mmoja akapita njia nyingine.

Redio alisema, "Ukikaa kwenye benchi lile, kabla hujaitwa ndani majirani wameshasema unakufa, wamegawana vyombo vyako."

Mwalimu alilazimika kukaa humo kila jioni. Nilimwona mara nyingi kupitia mlango ulio wazi, mikono juu ya meza, peke yake. Nilimhurumia na nikapita. Ukumbi ule ndio njia ya wauguzi wa Wanawake B. Nikae pale wanione wao, wanong'one, huyu ndiye yule wa mke yule? Hapana. Watu waliokuwa wanasubiri zamu yao ya kubeba ubao walianza kupungua darasani. Mmoja baada ya mwingine. Na mimi nikaacha kwenda.

Sasa mambo yakawa yanakwenda yenyewe, kama gari lisilo na breki. Siku ya kusoma kadi ilikaribia. Nilijua nitasimama mbele ya msimamizi na nitakuwa bubu. Kazi itakwisha, dada atakuja, mtoto ataondoka. Nilikuwa naijua njia yote hiyo tangu mwanzo mpaka mwisho, na sikuwa na pa kukatia kona.

Jioni moja nilirudi nikamkuta binti yangu amekunja nguo zake kitandani. Amezikunja vizuri, mafungu madogo, pembe kwa pembe. Kukunja kule alijifunza kwangu. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema shangazi alishamwambia, kwa hiyo anajiandaa tu, asije akasahau kitu. Hakulia. Hakuniuliza kama ninataka aende. Nikarudi sebuleni, nikakaa chini sakafuni, na kiti kilikuwepo.

Siku iliyofuata nilikuwa dobi peke yangu. Mwenzangu alikuwa amepeleka mafurushi. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Ni refu, linaburuta chini, ukilikunja peke yako linakuwa kama ngozi ya mnyama. Nilikuwa nahangaika nalo ndipo nikaona mtu anaingia kati ya mvuke. Alikuwa Mwalimu. Hakuniuliza kwa nini siji darasani. Alitua begi lake, akashika upande wa pili wa shuka.

Alikuwa hajui. Alivuta kushoto, mimi kulia.

"Mwalimu, pembe ya juu kwanza," nilimwambia. "Halafu unakuja kwangu."

"Leo umenipata," alisema. Akafuata, akakosea, nikamrudisha, akaweza.

Tukakunja shuka moja. La pili. Mnasogeleana, mnaachana, mnasogeleana tena. Mkilinyoosha juu mnakuwa hamwonani. Kwenye shuka la tatu, au la nne, lilipokuwa limesimama katikati yetu, nilisema.

"Mwalimu, mke wangu alilala kwenye godoro tupu."

Upande wa pili haukutikisika. Nikaendelea. Nilisema kwamba wiki ile wakubwa walitegemea wageni. Mashuka yote mazuri yalifungiwa kabatini ili wageni wayakute safi. Nilikuwa nimeyanyoosha mimi, kwa mikono hii. Nilikwenda kuomba moja tu. Mwenye funguo akasema nisubiri wageni wapite. Nikaleta shuka letu la nyumbani. Mlinzi akasema vitu vya nje haviruhusiwi kuingia wodini. Na wageni wenyewe hawakuja. Walibadilisha siku. Mke wangu hakubadilishiwa siku.

"Miaka yote hii nawanyooshea wao," nilisema. "Siku moja nikahitaji shuka."

Nilishusha mikono. Mwalimu alikuwa bado ameshika upande wake, ameushika kwa nguvu mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Hakuniambia nisamehe. Hakuniambia nisahau.

"Hilo walikukosea," alisema. "Walikukosea wewe na yeye. Sina uwezo wa kulifuta, na sitakudanganya kwamba ninao." Kisha akauliza, "Nani mwingine analijua?"

Nilimwambia hakuna.

"Binti yako?"

Nilimwambia mtoto ana haja gani ya kubebeshwa mambo hayo. Mwalimu akasema mimi ndiye baba, yeye hanipangii. Ila alisema, nikimnyamazisha mtoto kuhusu kifo cha mama yake, nimemnyima pia kuongea habari za uhai wa mama yake. Nisianze na godoro. Nianze na neno moja dogo la mama yake leo. Kesho lingine. La wodini litafika lenyewe likiwa tayari.

Kisha aliniomba ruhusa. Hiki ndicho kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu yeyote wa ofisini. Aliniuliza kama ninakubali azungumze na msimamizi wa dobi, na kama ninakubali, aseme nini na anyamaze nini. Nikamwambia aseme ninajua kusoma, na kadi moja inanisumbua kwa sababu ya kufiwa. Habari ya shuka asiitaje. Akayarudia maneno yangu neno kwa neno, kama mwanafunzi, mpaka nikaridhika.

Akaniambia tena jambo moja. Yeye ni mwalimu, si tabibu. Uzito mwingine unamzidi. Pale hospitali yupo muuguzi mmoja ambaye kazi yake ni kukaa na waliofiwa, anakaa upande wa pili kabisa, mbali na Wanawake B. Nikiwa tayari, yeye hatanielekeza kwa kidole. Atanisindikiza.

Msimamizi alikataa. Mwalimu alimwomba anipe muda, au anipangie mafurushi ya wodi nyingine kwa sasa. Alirudi akanieleza jibu lilivyokuwa, bila kulitia sukari: "Hapa ni dobi, si msibani. Kadi ni kadi." Ndivyo walivyo. Nilishukuru tu kwamba alinieleza kama lilivyo.

Jioni ile nilimkuta binti yangu jikoni anachambua maharage. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu. Alishtuka kidogo. Nikaanza kuchambua naye. Mwishowe nikasema, "Mama yako hakupenda kabisa kuchambua. Alikuwa ananiambia, mawe ni fungu lako, wewe una meno."

Binti alitazama sinia. Halafu akacheka, kicheko kifupi, kama kikohozi. "Na mchele pia," akasema. "Alikuwa anasema mchele una akili, utajichambua."

Tukachambua mpaka mwisho. Siku iliyofuata nikamwambia tulivyokutana na mama yake, yeye akinicheka viatu. Siku nyingine akaniambia yeye mambo ambayo sikuyajua, kwamba mama yake alimfundisha kupiga mluzi nikiwa kazini, akimwonya nisisikie. Haikuwa rahisi. Mara nyingine tulifika mahali tukasimama, kila mtu akaangalia pembeni, mmoja akaenda kuteka maji ambayo hatukuyahitaji.

Siku moja kabla ya kusoma kadi, jua likiwa bado juu, nilimwita nje. Nikamwambia, "Mwanangu, kuna jambo la kule wodini."

Akaniangalia moja kwa moja. "La shuka?"

Nikamuuliza alijuaje.

Alisema siku moja alipitia hospitali baada ya shule, na uji kwenye chupa. Akamkuta mama yake kwenye godoro tupu. Mama yake akamwambia, usimwambie baba yako. Akijua atajiona kazi yake yote ni bure. Na kila ilipokaribia saa yangu ya kuja, alimwomba mgonjwa wa jirani amsaidie kutandika kitenge chake chini yake, nikute pametandikwa.

Mimi kile kitenge nilikiona. Nilijua ni kitenge. Nilijifanya sikuona, ili asijue kwamba najua. Tulikuwa watatu, tunafichana kitu kimoja. Na mmoja wetu aliondoka akidhani amefaulu.

"Baba, nilidhani nikiongea lile litanitoka," binti yangu alisema. "Kwa hiyo sikuongea."

Tulilia palepale nje, mchana kweupe. Jirani alipita na ndoo yake, akatuona, akatuacha. Tulilia kama watu wawili waliochelewa kufika msibani.

Kesho yake nilisimama mbele ya msimamizi. Alizipanga kadi mezani. Nikasoma Maabara. Nikasoma Watoto. Ilipofika ile, herufi zilitaka kutawanyika, lakini safari hii nilikuwa na mtu nyumbani anayejua. Zikatulia.

"Wanawake B," nilisoma.

"Sikusikia," akasema msimamizi. "Rudia."

Nikarudia. Akatia alama kwenye karatasi yake, akamwita mwingine. Hakujua amenisomesha nini mara mbili. Hakuna aliyenipongeza, na mimi sikufurahi. Nilirudi kwenye mashine, na furushi la kwanza kufungwa lilikuwa la Wanawake B, nikalifunga kadi yake. Zipo siku furushi hilo bado linanilemea. Nimeshakwenda kwa yule muuguzi, zaidi ya mara moja. Mwalimu alinisindikiza mpaka mlangoni, akangoja nje kwenye ngazi. Mlango wa muuguzi hauna bango.

Ubao bado umepigiliwa ukutani. Ila kwa kuwa hakuna aliyeingia, Mwalimu hakai tena kwenye chumba kile. Ukimtafuta utamkuta anafagia na wafagiaji, au amekaa na mlinzi kibandani, au anamshikia Redio kiatu huku Redio anashona soli. Redio anasema hana siri yoyote, anapenda tu mtu wa kumshikia kiatu. Lakini nimemwona mara moja amezima. Walioacha kisomo, wengi wamerudi. Chumba cha ushauri sasa kina fagio zilizokatika na ndoo zisizo na vishikio. Bango bado lipo, na sina shaka kuna ripoti mahali fulani inayosema chumba kinasaidia sana wananchi. Wacha iseme.

Wewe unayesoma hapa, labda nawe umejifunza ukubwani. Ukikwama, usikimbilie kusema huna kichwa. Jiulize umekwamia kwenye neno, au kwenye kitu ambacho lile neno linakukumbusha. Mwambie mwalimu wako, taratibu, mahali mnapopaamini. Na kama wewe ndiwe mwalimu, usimuulize mtu msiba wake mbele ya darasa. Alichokwambia ni chake, usikipeleke kokote kabla hajakuruhusu. Usimwahidi usichoweza. Likikuzidi, mpeleke kwa anayeweza, na utembee naye. Wenye ofisi usiwangojee. Wao wana misumari.

Shule zilifungwa. Dada yangu akaja kama alivyoahidi, na begi kubwa tupu mkononi. Alitukuta uani. Binti na mimi tulikuwa tunabishana. Mimi nasema mama yake aliwahi kumfukuza mwizi kwa mwiko. Yeye anasema ilikuwa ni ufagio, mama mwenyewe alimwambia. Dada alisimama mlangoni akatutazama, mmoja, kisha mwingine. Hakuna aliyemkaribisha, tulikuwa hatujamwona.

Baada ya salamu alimwambia mtoto, "Haya, kalete nguo zako."

Binti yangu hakuinuka. "Shangazi, mimi siendi. Baba hajamaliza kunihadithia."

Dada alinitazama mimi. Nikamsogezea kiti. Akalisukuma begi chini ya kiti kwa mguu, akakaa, akavua viatu.

"Ehe," alisema, "mlikuwa mmefika wapi?"